Kaburi la Kijana wa Ujiji

Watu wa kijijini kwetu walimpa bibi yangu jina la utani la Kisukuma ambalo sitaliandika hapa. Maana yake ni mtu asiyepitwa na msiba. Wengine walilitamka kwa kumsifu, wengine kwa kumcheka, naye aliwaitikia wote kwa sauti ileile.

Alikuwa mama wa baba yangu, na ndiye aliyenilea. Alizaliwa upande wa Shinyanga, mwaka hakuujua. Kitu cha zamani kabisa alichokikumbuka ni ng'ombe waliokufa kwa sotoka, wamelala malishoni matumbo yamevimba, na baba yake ameketi chini siku mbili bila kula. Aliolewa, akazaa watoto saba, akazika wanne. Mmoja alikufa asimzike. Huyo alikuwa mwanawe wa kwanza, aliyeandikishwa manamba akaenda kukata mkonge Tanga kabla mimi sijazaliwa. Ilipita miaka, kisha mtu mmoja aliyerudi kutoka huko akaleta habari kwamba amekufa kwa kuhara. Bibi akamuuliza kaburi liko wapi. Yule mtu akasema hajui, yeye alikuwa kambi nyingine. Bibi akamuuliza ni nani aliyelia.

Vita vya Pili vilipokwisha, baba akaona malisho ya Shinyanga yamechoka, akaamua tuhamie Geita, ambako watu walisema nyasi bado zinamfunika ndama. Nilikuwa na miaka kama sita. Nakumbuka vumbi la ng'ombe, na bibi akitembea mbele yetu sote na chungu kikubwa cha kupikia kichwani, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine kukibeba.

Chungu hicho ndicho kilichomfanya ajulikane upesi katika kijiji kigeni. Hata mwaka haujaisha, kila penye arusi au msiba walikuja kukiazima, na bibi alikwenda nacho mwenyewe, akakaa jikoni mpaka kimeoshwa. Mwanamke akijifungua alipelekewa uji wa mtama. Mtu na mkewe wakigombana hadi majirani wakasikia, asubuhi walimkuta bibi ameketi kizingitini kwao, anachambua mboga zake kama yuko nyumbani, wala haulizi kitu. Kina mama walipoanza kulima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, walimweka yeye kuwa mkubwa wao. Alikuwa mkali. Aliyechelewa alipangiwa sehemu yenye magugu mengi.

Karibu na kijiji palikuwa na mgodi mdogo wa dhahabu wa Mzungu mmoja. Umefungwa zamani, na leo ni vichaka vitupu. Wafanyakazi wake walitoka kila upande, Kigoma, Singida, Tukuyu, hata Urundi, Wakristo kwa Waislamu, na wengi walikuwa vijana wasio na mke wala ndugu pale kambini. Sisi tuliwaona siku ya gulio tu, wakinunua michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na tumbaku.

Mara ya kwanza bibi kumlilia mtu wa mgodini, nilikuwa naye. Tulikuwa tunapalilia karanga kando ya njia. Wakapita wanaume wanne wamebeba machela, juu yake mtu aliyefunikwa blanketi mpaka usoni. Hakuwepo mwanamke hata mmoja nyuma yao. Bibi akawasimamisha.

“Ni nani huyu?”

“Mtu wa mgodini, mayu,” akajibu mmoja aliyejua Kisukuma, akimwita mama kwa lugha yetu. “Homa imemwua.”

“Ndugu zake wako wapi?”

“Hana ndugu hapa. Ni mtu wa Singida.”

“Sasa nani anamlilia?”

Mmoja akasema wana haraka, wanatakiwa zamu ya mchana. Bibi akaweka jembe chini, akajifunga kaniki yake upya, akaanza kutembea nyuma ya machela. Baada ya hatua chache akatoa sauti, kile kilio chetu cha kumwita marehemu kwa ukoo wake. Na kwa kuwa ukoo wa yule mtu hakuujua, akamwita kwa ukoo wetu. Mimi nilimfuata nikiwa na aibu na hofu, sijui nilie au ninyamaze.

Tangu siku hiyo wabebaji wa machela walizoea kusimama kwenye njia panda ya kwetu. Bibi alikwenda. Kila siku ya maziko nyumba yetu haikulima, jioni tulioga kama watu waliotoka kuzika ndugu, na vitu vichache vya marehemu, kama vilikuwepo, bibi alivifunga na kuviweka darini karibu na kihenge cha mtama, mpaka aje mwenyewe wa kuviuliza. Wanawake wawili watatu wa kikundi chake walianza kumfuata. Wengine walisema anaita mikosi. Mama yangu alikuwa upande wa hao.

“Kulia msiba wa usiyemjua ni kuukaribisha nyumbani,” alimwambia baba siku moja, kwa sauti ya kutaka bibi asikie.

Bibi alisikia. “Mwanangu naye yuko mahali,” alijibu. “Sijui kama kulikuwa na mwanamke aliyekuwa anapalilia siku hiyo.”

Mama hakusema tena, ingawa hakupenda mpaka mwisho.

Aliyeongoza maziko alikuwa katekista, mtu mfupi mpole kutoka Ushirombo aliyekuwa akitufundisha dini na kusoma. Kama marehemu ni Mwislamu, alikuja fundi cherehani wa gulioni, mtu wa Tabora mwenye ndevu nyeupe, akafanya yaliyo ya kwao. Bibi mwenyewe alibatizwa akiwa mtu mzima wa wajukuu. Jumapili alisali katika kanisa la udongo, na siku nyingine alinyunyiza unga mlangoni kwa ajili ya wazee wake, wala hakuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi alipokufa kijana mmoja kwa kichomi. Alilala siku nne katika kibanda cha wagonjwa, akaishia hapo. Karani wa mgodi alileta kipande chake. Siku hizo kila kibarua alikuwa na kipande, kadi ya kuandikia siku zake za kazi, na jina lililoandikwa juu ya kadi ile lilikuwa la Kikristo. Basi akaitwa katekista. Akaandaa msalaba wa mti, akaliandika jina lile kwa ncha ya msumari uliopashwa moto. Sanda haikuwepo, kwa hiyo bibi akatoa merikani aliyokuwa amejiwekea kwa ajili ya siku yake mwenyewe.

Wenzake walimkabidhi vitu vya marehemu: shati, suruali yenye kiraka, kijiko, na kofia nyeupe iliyodariziwa kwa mkono. Bibi aliishika ile kofia kwa muda, akazipapasa darizi zake. Niliona kabisa. Akafumbua mdomo kama anayetaka kuuliza. Katekista akaita kwamba jua linazama na wabebaji wanatakiwa kambini, na bibi akaiviringisha kofia ndani ya shati, akatufuata makaburini.

Kiangazi kilichofuata, mwanamke mmoja alipiga hodi uani kwetu. Alikuwa amevaa buibui lililojaa vumbi, kichwani ana kifurushi, mkononi ana chupa iliyozibwa kwa gunzi la hindi. Nilikuwa nimekaa na bibi tunapukuchua karanga. Mama na baba walikuwa shambani wanachuma pamba.

“Shikamoo, dada yangu,” alimwambia bibi.

“Marahaba,” bibi alijibu, na Kiswahili chake karibu chote kikaishia hapo. Akanitazama. Mimi nilikuwa nimejifunza lugha hiyo kwa katekista na gulioni, na nilijivunia sana kuijua. Kila mgeni aliyefika kijijini nilijipeleka mbele niwe mdomo wake.

Alisema ametoka Ujiji. Amepanda treni Kigoma hadi Tabora, akabadili ya Mwanza, akavuka maji, akaja kwa lori la pamba mpaka gulioni, na kutoka gulioni kwa miguu. Kijana mmoja aliyerudi kutoka mgodini alimpa habari kwamba mwanawe amefariki. Akamwambia pia kwamba yuko mama wa Kisukuma aliyemlilia, na kwamba akifika amuulize mama anayelia wageni, kila mtu atamwelekeza.

“Wamenielekeza,” alisema. “Ndiyo nimefika.”

Bibi akampa maji. Yule mwanamke akashika kibuyu kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akanywa. Nilimwona bibi akiganda. Alimtazama mgeni, akalitazama buibui, kisha akatazama juu, kule darini.

“Mwambie,” aliniambia kwa Kisukuma, taratibu, “kwamba mwanawe tulimzika Kikristo. Karani alisoma jina kwenye kipande, nasi tukalifuata. Mwambie tumemwekea msalaba. Kama ni kosa, ni langu.”

Nilifungua mdomo. Mbele yangu alikuwapo mama aliyesafiri siku zote hizo, miguu imepasuka, ananiangalia usoni akingoja. Niliogopa atapiga kelele. Niliogopa atamtukana bibi uani kwake. Nadhani pia niliogopa kuwa mimi ndiye nitakayeyatamka maneno hayo.

“Bibi anasema tulimzika vizuri,” nilisema. “Kwa heshima zote.”

“Mungu awalipe,” alisema yule mama, machozi yakamtoka. “Mungu awalipe, dada yangu.”

“Amesema nini?” bibi akauliza.

“Anasema Mungu atulipe.”

Bibi alishangaa. Akatikisa kichwa. “Ana moyo mkubwa huyu,” alisema.

Tulimkaribisha ale kwanza. Akakataa kwa adabu, akasema anataka kumwona mwanawe kabla ya kutia kitu mdomoni. Tukaondoka watu watatu. Makaburi ya wageni yalikuwa ng'ambo ya korongo, mwendo wa kama nusu saa. Njia nzima nilitafuta namna ya kusema na sikuipata. Bibi alikuwa nyuma yetu anatembea kwa utulivu, maana kwake yeye jambo zito lilikuwa limekwisha kusemwa na kupokelewa.

Tulipofika, yule mama akauliza la mwanawe ni lipi. Nikanyoosha kidole. Akasogea mpaka kwenye msalaba, akasimama hapo muda mrefu. Kisha akageuka, na uso wake ulikuwa umebadilika kwa namna ambayo sikuitazamia. Alikuwa anatabasamu.

“Huyu si wangu,” alisema.

Akauonyesha msalaba kwa kidole.

“Mwanangu ni mtoto wa Kiislamu. Amesoma chuo cha Kurani, amehitimu. Huyu ni mtoto wa mwenzangu, Mungu amrehemu, lakini si wangu.” Akanishika mkono, akaubana. “Yule kijana amekosea. Amesikia habari ya mwingine akadhani ni ya mwenzake. Alhamdulillahi. Alhamdulillahi rabbil alamina.”

“Anasema nini?” bibi aliuliza. Alikuwa ameuona uso wa yule mama, na hakuelewa.

“Anasema huyu si mtoto wake. Anasema wake ni Mwislamu.”

Bibi alinitazama. Hakuhitaji kunitazama kwa muda mrefu.

“Ulimwambia nilichokutuma?”

Nikatazama chini.

“Twende nyumbani,” alisema. “Na yote atakayoyasema njiani unieleze. Kila neno.”

Basi tukarudi, na yule mama alitembea mbele kwa miguu ileile iliyopasuka kana kwamba ametoka kulala. Alizungumza bila kukoma. Alisema mwanawe tangu utoto hatulii mahali pamoja, pengine amehamia mgodi mwingine, angeuliza kuanzia kesho. Alisema ni mvivu wa kutuma salamu, kama baba yake. Alisema akimpata atamrudisha nyumbani amwozeshe, binti yupo, amekwisha kumchagua. Nami niliyageuza maneno hayo kwa Kisukuma, moja baada ya jingine, na bibi aliyapokea nyuma yangu. Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile.

Nyumbani bibi alipanda mwenyewe darini, mzee yule, akashuka na kifurushi. Akapiga magoti mbele ya mgeni, akampa kwa mikono miwili. Yule mama alikifungua huku bado anaongea. Shati hakulijua. Suruali hakuijua. Akatoa kofia.

Aliigeuza ndani nje. Akatafuta kwa ncha ya kidole mahali fulani kwenye ukingo, pale mshonaji anapoficha mwisho wa uzi, akapapata. Akakaa chini pale pale alipokuwa.

“Ni mkono wangu huu,” alisema. “Hii niliishona mimi.”

Bibi alikaa chini karibu naye. Aliniambia, “Sasa mwambie. Yote. Kofia niliiona, moyo ukaniuliza, nikaacha kwa kuwa jua linazama; kosa si la katekista.”

Nikamwambia. Nilisema bibi anasema tulimzika Kikristo kwa sababu ya jina la kwenye kipande. Nilisema bibi anasema kofia aliiona, na moyo wake ukamwuliza, lakini jua lilikuwa linazama na hakumuuliza mtu, na kwa hiyo kosa ni lake na si la katekista. Halafu nikasema la kwangu, ambalo hakuna aliyenituma: kwamba bibi alitaka nimweleze hayo mwanzoni kabisa, nami sikumweleza.

Yule mama alinitazama kwa macho makavu.

“Umenirudishia mwanangu kwa mwendo wa kutoka kule mpaka hapa,” alisema. “Kisha umenipokonya. Mjukuu wangu, mtu usimfanyie hivyo tena.”

Ndipo akalia. Bibi akalia naye, kila mmoja kwa lugha yake.

Bibi hakunipiga, na nilitamani angenipiga. Kwa siku mbili hakunisemesha ila kunituma maji na kuni. Siku ya tatu tulipokuwa kisimani aliniambia, “Nilikutuma na maneno yangu ukayamwaga njiani, ukajaza ya kwako. Ungeniambia unaogopa. Ningetafuta mtu mwingine.” Akajitwisha mtungi, akatangulia.

Tulikwenda kwa fundi cherehani kumuuliza la kufanya. Alikuwa akimfahamu kijana yule kwa sura, na kwa kuulizauliza kambini alipata habari kwamba kipande kile hakikuwa chake. Mwenye nacho alitoroka kazi, na marehemu akakichukua ili aanze kazi bila kungoja kuandikishwa, akawa anaitikia jina la mwenzake mpaka kifo. Fundi alisema mwili usiguswe, umekwisha kuwa wa ardhi. Msalaba uondolewe, kaburi lisawazishwe, waje Waislamu wa gulioni waombe dua. Yule mama alikubali. Aliuliza tu kama kijana alilazwa ubavu gani. Bibi alikumbuka, akamwonyesha kwa kujilaza mwenyewe chini, mbele ya cherehani na wateja waliokuwapo, mtu mzima wa heshima zake.

Katekista hakupendezwa. Alisema msalaba umebarikiwa, hauwezi kung'olewa kama kigingi cha mbuzi, na yeye ataulizwa na padri.

“Niliyekuita uje uuweke ni mimi,” bibi alimwambia. “Padri akiuliza, mlete kwangu.”

“Mama, si jambo la kuuliza tu.”

“Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako kabla sijauondoa.”

Katekista akaingia ndani. Kesho yake alfajiri tulimkuta makaburini kabla yetu. Alikuwa ameung'oa msalaba mwenyewe, ameufunga kwenye shuka safi, na alikuwa anasawazisha udongo kwa mikono. Hakukaa kwenye dua, lakini alisimama ng'ambo ya korongo mpaka ilipokwisha.

Mgeni alikaa kwetu siku saba. Hawakuwa na lugha moja, na baada ya yale niliyofanya hawakunihitaji sana. Walipukuchua karanga pamoja. Walionyeshana namna ya kusuka ukili. Mama yangu, ambaye nilidhani atanung'unika, ndiye aliyemkanda miguu kwa maji ya moto kila jioni. Ile chupa ilikuwa na mawese ya kwao, aliyoyabeba njia yote hiyo kwa ajili ya waliomzika mwanawe. Alitupikia nayo. Bibi hakupenda harufu yake, lakini alikula mpaka akalamba vidole, na mgeni alipoondoka alitugawia sisi watoto yaliyobaki.

Siku ya kuondoka bibi alimsindikiza mpaka gulioni. Walipofika penye lori yule mama alitoa kofia kifuani alipokuwa ameificha, akaitazama, akairudisha. Nilidhani atampa bibi. Hakumpa, na sasa nilivyo mzee naona alifanya sawa. Hakurudi tena. Mara moja mfanyabiashara wa dagaa wa Kigoma alileta salamu zake na kanga moja, na baada ya hapo hatukusikia habari.

Mwezi haukupita, bibi akaniambia Jumapili nitakwenda naye kambini.

“Kufanya nini?”

“Kuuliza. Nimewalilia watu mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na sijamjua hata mmoja akiwa hai.”

Akaniwekea sharti moja, kwamba nisiongeze neno wala nisipunguze. Tukaenda. Alisimama mbele ya vibanda vya wafanyakazi na fimbo yake, akaanza na wa kwanza. Jina lako la nyumbani ni lipi? Si la kipande, la nyumbani. Mama yako anaitwa nani, yuko wapi? Unasali wapi? Wakicheka, alingoja wamalize kucheka, akauliza tena. Mmoja alisema bibi huyu anahesabu watu awaroge. Mwingine alisema ametumwa na polisi. Mnyapara alikuja akatufukuza, akasema kambi si mahali pa wanawake. Jumapili iliyofuata tulisimama nje ya kambi, kwenye njia ya kwenda gulioni, ambapo mnyapara hakuwa na amri.

Nilimshauri niandike kwenye daftari la shule. Alikataa. “Karatasi ndiyo iliyotudanganya,” alisema. Aliwashika kichwani. Wakati wa kupalilia nilimsikia akiwarudia chini kwa chini, tuta kwa tuta: mrefu wa Tukuyu, mama yake mjane, Mlutheri; pacha wa Urundi, mwenzake yuko Bukoba; mwenye kovu, hasali popote, anataka azikwe uso ukielekea kwao. Alipokosea alirudi mwanzo wa tuta.

Ilichukua kama mwaka mzima kabla hawajaanza kuja wenyewe. Walikuja Jumapili mchana, wakakaa uani, na bibi aliwapa togwa. Wengi hawakuja kwa habari za kufa. Walikuja kuzungumza juu ya mama zao. Kijana wa Tukuyu alipougua, bibi alikuwa amekwisha kujua ana kaka anayefanya kazi relini Shinyanga, akampa habari dereva wa lori la pamba, na siku ya tano kaka alifika akamkuta anapumua. Alipona. Bibi alifurahi kwa siku nyingi, akawa anaongea peke yake.

Mgodi ulifungwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Watu wa kambi walitawanyika, wengine Geita kwenyewe, wengine makwao. Wakati huo mimi nilikuwa shule ya mabinti ya misheni, mbali, nikija nyumbani mara mbili kwa mwaka. Kila nikija nilimkuta amepungua. Macho yalikuwa yameingiwa na ukungu. Alilalamika juu ya meno, juu ya kuku, juu ya wake za wajukuu wasiojua kukoroga ugali. Kikundi cha kulima alikuwa amemwachia mama yangu, na hakuacha kumkosoa hata siku moja.

Alifariki asubuhi moja ya msimu wa pamba, akiwa amekaa juani na bakuli la uji mkononi. Nilikuwa likizo. Mama ndiye aliyemkuta, na ndiye aliyetoa kilio cha kwanza, kwa sauti kubwa ambayo sikujua kwamba anayo.

Pamba ilikuwa imepasuka, nyeupe shamba zima, na lori la ununuzi lilikuwa linategemewa wiki ile. Hakuna aliyekwenda kuchuma. Watu walikaa uani kwetu siku tatu. Siku ya pili ikanyesha mvua ambayo haikuwa na haki ya kunyesha mwezi ule, ikaipiga pamba yote mitini, ikaichafua. Mwaka ule karibu kijiji kizima kiliuza pamba fifi, ile chafu ya bei ya chini. Jirani yetu mmoja alilalamika mbele ya mama kwamba lau angechuma siku ile ya kwanza angeokoa nusu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia ni kweli kabisa, kisha akachukua mkeka akaenda kuanika ya kwetu.